Ndege Aliyekosa Shahidi wa Pili

Maji yakipwa katika hori la Mida, matope hubaki wazi na kutoa harufu yake: chumvi, majani ya mikoko yaliyooza, na kitu kinachokaribia yai viza. Wageni huziba pua. Sisi tuliozaliwa Dabaso tulilala nayo na kuamka nayo, ikatuingia kwenye sare za shule na hata kwenye vitabu, na mtoto akisimama kujibu swali, mwalimu aliweza kujua kama ametoka kwao moja kwa moja au amepitia kwanza kuwinda kaa. Kwa watu wengi wa rika langu harufu ile ni ya nyumbani. Kwangu mimi ni harufu ya uwongo. Nikiisikia hata leo, mtu mzima mwenye wajukuu, najikuta naitazama miguu yangu nione kama ina matope.

Ilikuwa Novemba, miaka ya themanini, nami niko darasa la sita. Vuli ilikuwa imenyesha kwa uchoyo, mahindi yamesimama nusu, na joto la mchana lilitosha kupikia ugali juu ya bati. Sisi hatuna majira ya baridi. Lakini tulijua kwamba huko kaskazini ya dunia baridi imeanza kuuma, kwa sababu wakimbizi wake walikuwa wamekwisha kutufikia. Asubuhi moja hori huwa tupu, na asubuhi ya pili unakuta matope yote yanatembea: vitwitwi wadogo wanaokimbia kama wamesahau kitu, ndege wa miguu mirefu na midomo iliyopinda, na wale wakubwa weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, ambao sisi tuliwaita wala kaa kwa kuwa ndicho chakula chao. Wazee walisema mwaka ambao wala kaa wanawahi kuja, kuna neema baharini. Sikumbuki kama mwaka ule waliwahi. Nakumbuka tu kwamba walikuja, na kwamba mmoja alikuja ambaye hakuwa wao.

Aliyetufundisha kuwatazama hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa Mwalimu Mutua, Mkamba aliyehamishiwa kwetu kabla hajaiona bahari kwa macho yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na miezi ya kwanza tulimcheka kwa alivyokunja suruali hadi magotini na bado akazama matopeni hadi mapajani. Yeye hakujali. Alikuwa na darubini moja yenye kioo kilichopasuka upande, kitabu kimoja cha picha za ndege, na daftari gumu jeusi aliloliita daftari la ndege. Tulikutana kila Jumatatu baada ya masomo, watoto ishirini na kitu wa madarasa ya juu, na kila aliyeleta ndege mpya alitafutiwa ndege wake kitabuni, kisha mwalimu akamwandika kwa wino wa bluu, na pembeni, kwa wino mwekundu, jina la mtoto aliyemwona. Siku ya kufunga shule mwalimu alilisoma daftari lote mbele ya wazazi, ndege na mtoto wake, ndege na mtoto wake. Wino ule mwekundu tuliutamani kuliko halua.

Ila kulikuwa na sheria, na sheria ililetwa na kaka yangu. Katana alikuwa darasa la saba na ulimi wake haukuwa na mfupa. Jumatatu moja alisimama, uso mkavu, akaripoti kwamba ameona mbuni nyuma ya magofu ya Gede. Tulicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Mwalimu Mutua alitabasamu, lakini tangu siku ile aliamua kwamba ndege ambaye hajawahi kuandikwa daftarini haandikwi mpaka awe ameonwa na watu wawili, na wote wawili wasimame na kusema. Shahidi mmoja ni hadithi, alituambia, mashahidi wawili ni habari. Tukaiona sheria nzuri, na kwa kweli ilikuwa nzuri.

Rafiki yangu Kadzo hakuwa na hata jina moja la wino mwekundu. Ndege wa kawaida walikuwa wamekwisha kuandikwa na waliomtangulia, naye alikuwa amejiunga mwishoni kwa sababu nyumbani kwao kazi hazikuisha. Baba yake, Mzee Charo, alikuwa mkata boriti za mikoko, viganja vyake vyekundu kwa maji ya magome, na hakuona shule inamfanyia nini binti mwenye wadogo wanne nyuma yake. Mwalimu alikuwa amekwenda kumsihi. Mzee Charo hakukataa wala hakukubali. Alisema atakuja mwenyewe siku ya kufunga shule, asikie kwa masikio yake mwanawe amefanya nini, na akisikia kitu, Kadzo ataendelea darasa la saba; asiposikia, basi. Kadzo aliniambia maneno hayo tukiwa kisimani, na tangu siku hiyo akawa anatembea amekodolea macho miti. Alitaka ndege mmoja tu.

Juma lile lile hawe yangu akafariki. Hawe ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Giriama, na huyu alikuwa mama yake baba, na jina lake, Sidi, ndilo nililopewa mimi. Hakuniita mjukuu, aliniita somo. Katika ukoo wetu, aliyebeba jina la marehemu ndiye mjukuu wa kwanza kumtupia udongo kaburini, ili jina lisilie kwa kuachwa. Mama alinieleza hayo Jumamosi asubuhi, hanga, yaani matanga, limejaa watu, wanawake wameketi mikekani na sufuria ziko motoni, akanionya nisiende mbali, nitaitwa. Lakini nyuma ya nyumba mtaimbo ulikuwa unagonga mwamba, kwa sababu ardhi yetu ukichimba kidogo unakutana na jiwe, na kila ulipogonga nilimwona hawe akishushwa mle. Niliogopa. Sina neno lingine. Kadzo alikuwa amekuja na mama yake kuteka maji ya hanga, na mimi ndiye niliyemwambia twende Mida mara moja, maji yamepwa, kaburi bado, tutarudi kabla hawajamaliza. Alisita. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Mimi pia ndiye niliyemwona ndege kwanza. Tulikuwa tumepenya mikokoni hadi pale mwamba unapoingia kwenye maji na chaza wameng'ang'ania mawe, na yeye alikuwa pale ukingoni, peke yake, ametupa mgongo. Kichwa cheusi, mgongo mweusi, tumbo jeupe. Kwa mbali nilidhani ni mla kaa. Kisha akageuka. Mdomo ulikuwa mrefu, umenyooka, mwekundu wa chungwa lililoiva, kana kwamba ametoka kula mchuzi wa pilipili na hakupata pa kujifutia. Jicho nalo jekundu, miguu ya waridi. Nilimkamata Kadzo mkono kwa nguvu nikamnong'oneza atazame mdomo. Tulilala kifudifudi nyuma ya mizizi, matope yakitupanda kifuani, na ndege yule akawa anachagua chaza, anaingiza mdomo kama mtu anayefungua kufuli, anapindua, anakula, anakwenda kwa mwingine. Kadzo alihesabu chaza tisa. Alikuwa anasema midomo ikitikisika bila sauti, anajifunza namna atakavyoeleza Jumatatu. Sijawahi kumwona mtu na furaha ya kimya namna ile, na kwa kitambo kile, Mungu anisamehe, nilisahau kabisa kwamba kuna msiba.

Kilichotukumbusha ni kilio. Kilitoka upande wa kwetu, sauti za wanawake zikipanda pamoja, na hata mtoto anajua kilio kile ni cha saa gani. Ndege aliruka, akapiga mluzi mkali mara mbili, mstari mweupe ukang'aa kwenye mbawa, akavuka hori. Tulikimbia. Nilipofika, udongo ulikuwa umekwisha kurundikwa na wanaume wanaupigapiga kwa majembe. Nilichota ngumi ya udongo pembeni nikaisugua viganjani, kisha nikaenda kwenye mtungi wa maji ya kunawia waliotoka kaburini, nikaanza na miguu. Mama alinikuta hapo. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliniuliza, "Somo wa hawe, umemtupia udongo?" Nikamwambia, "Nimemtupia, mama. Nilikuwa nyuma yako." Alinikumbatia pale pale, akasema basi mama wa watu amekwenda vizuri. Jioni nilimsikia akiwasimulia wanawake mikekani jinsi somo alivyomwaga udongo wake bila kulia, na wanawake wakanipa baraka moja moja. Kadzo alikuwa karibu na mtungi wakati wote. Aliyasikia yote.

Jumatatu alisimama kabla mwalimu hajauliza. Alieleza vizuri mno: mdomo, jicho, miguu, mstari wa bawa, jinsi anavyofungua chaza. Mwalimu Mutua alikifungua kile kitabu cha picha, akapata ukurasa, akatuonyesha. Alikuwapo! Ndege mla chaza, mtu wa nchi za baridi, na kwa kadiri ya kitabu kile kwetu hufika kwa nadra sana, mmoja leo na mwingine baada ya miaka. Mwalimu alikwisha kuanza kuandika kwa wino wa bluu. Ndipo Katana akasema, kwa mzaha tu, kwamba Ijumaa ni Kadzo aliyefagia ofisi ya mwalimu, na kitabu kilikuwa mezani. Darasa likaguna. Mwalimu aliiweka kalamu chini. Aliuliza kwa upole nani alikuwa naye.

"Sidi," Kadzo akasema.

Kaka yangu alikuwa ameketi mbele yangu. Aligeuza shingo akanitazama, naye Jumamosi alikuwa mmoja wa walioshika kamba za jeneza. Nilijua kabisa ninachoulizwa. Nikisema niliona, swali la pili ni lini, na jibu la lini lingefika nyumbani kabla yangu. Mwalimu akaniuliza, "Sidi, ulimwona ndege huyu?" Nikasimama. Nilisema, "Hapana, mwalimu. Sikuwa naye."

Mtu atadhani jambo baya ni lile neno nililosema. Kuna baya zaidi. Mwalimu, ambaye nadhani alitaka kumwamini, alimgeukia Kadzo akamwuliza siku gani na saa ngapi alimwona, ili ajue maji yalikuwaje. Kadzo alinitazama. Angetaja Jumamosi, angetaja kilio, angesema tulikuwa wapi na nani alipaswa kuwa wapi, na uwongo wangu ungepasuka palepale. Badala yake akasema, "Sikumbuki, mwalimu." Mwongo asiyekumbuka siku ya uwongo wake! Darasa lilicheka. Mimi nilielewa saa ileile kwamba ananisitiri, nisijidai nilikuja kuelewa ukubwani. Nililielewa na nikaketi. Mwalimu alichukua rula akaikata ile nusu ya mstari aliyokuwa ameandika. Hakumchapa. Afadhali angemchapa.

Tangu siku hiyo wakamwita Mdomo Mwekundu. Alipita kisimani, Mdomo Mwekundu. Aliposoma kwa sauti, Mdomo Mwekundu. Siku moja nilicheka na wenzangu, kidogo, ili nisionekane. Siku ya kufunga shule Mzee Charo alikuja kama alivyoahidi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, viganja vyake vyekundu amevikunja mapajani. Daftari likasomwa, ndege na mtoto wake. Jina la bintiye halikusomwa, na watoto wa nyuma wakanong'ona lile jina lingine mpaka akalisikia. Aliuliza maana yake. Mtoto mmoja akamweleza. Mzee Charo alisimama akamshika Kadzo mkono wakaondoka katikati ya hotuba. Januari dawati lake lilikuwa tupu. Sisemi ni ndege peke yake aliyemtoa shule, nyumbani kwao kulikuwa na mambo mengine. Lakini baba yake alikuja kusikia kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kinywani mwangu.

Kabla ya hapo, Desemba, walikuja watu wa kuhesabu ndege, na mwalimu aliombwa mtoto mmoja wa kufuatana nao kwenye mashua. Alinichagua mimi, kwa sababu, alisema, Sidi haongezi chumvi. Nilikwenda. Nilivalishwa kofia, nikapewa darubini nzuri isiyo na ufa, na siku nzima sikuhesabu ndege hata mmoja kwa akili, maana nilikuwa natafuta mdomo mwekundu kwenye kila mwamba. Nilitaka aonekane ili Kadzo apone, na niliomba asionekane ili nisiulizwe. Hakuonekana. 

Miaka mingi nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya mama, nisimvunje moyo. Mama alifariki akiamini kwamba somo alitupa udongo. Nami siku ya kumzika nilitupa ngumi mbili, moja yake na moja niliyokuwa nadaiwa, na hata hapo sikusema. Basi haikuwa kwa ajili ya mama. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikwisha kupita vilio viwili bila kufichuka. Nilikuwa hodari wa kujificha, ndilo jambo lenyewe.

Novemba iliyopita nilitoka Malindi ninakoishi nikampeleka mjukuu wangu Dabaso, kwenye lile daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Siku hizi huhitaji kukunja suruali, unatembea mkavu mpaka ukingoni kabisa. Kijana anayewatembeza wageni alitoa simu akatuonyesha picha: kichwa cheusi, tumbo jeupe, mdomo mwekundu. Alionekana Jumanne, alisema, mmoja tu, na kabla ya saa sita picha ilikuwa imekwisha kufika Nairobi na nchi za mbali. Nilimwuliza kama hakuhitaji mtu wa pili wa kumshuhudia. Hakulielewa swali. Simu imeona, bibi, aliniambia kwa heshima, inatosha. Niliishika reli ya daraja. Maji yalikuwa yanapwa na harufu ilikuwa inapanda.

Nilimwacha mtoto na kijana yule nikaenda kwa Kadzo. Nyumba yake haiko mbali, nami nilikuwa nimepita nje yake mara nyingi, nikisalimu kwa haraka. Alikuwa barazani anashona makuti, nywele nyeupe mbele. Amelea watoto watano, mmoja wao ni mwalimu. Nilikaa kwenye ukingo wa mkeka, na salamu zilipokwisha nikamwambia, "Kadzo, yule ndege nilimwona."

Hakuinua kichwa. "Ee, ulimwona. Wewe ndiwe uliyeniambia nitazame mdomo."

Nikamwambia nimekuja kusema, nimechelewa lakini nimekuja. Alilikunja kuti, akalikaza, akachukua lingine. "Mimi huna haja ya kuniambia, Sidi. Mimi nilikuwapo. Walioniita mwongo ndio hujawaambia."

Hakulisema kwa hasira. Alinipa chai, tukazungumza habari za watoto, nikaondoka. Barabarani nilimpigia Katana, nikamweleza yote, hata la kaburi. Alianza kucheka, "Yule Mdomo Mwekundu?", kisha kicheko kikamwishia kinywani. Huyo ni mmoja. Mwalimu Mutua alirudi kwao zamani na sijui kama yu hai. Mzee Charo amezikwa karibu na hori. Wale watoto ishirini na kitu wametawanyika, wengine Magarini, wengine Mombasa, wengine chini ya udongo, na daftari jeusi sijui lililiwa na mchwa wa ofisi gani. Sina njia ya kuwasimamisha wote darasani. Ninayo njia hii tu ya kuandika, kwa kuwa huenda mmoja wao akasoma, na akisoma awaambie wenzake.

Basi andikeni. Ndege mla chaza, mmoja, mdomo mwekundu, kwenye mwamba wa ukingo wa hori la Mida, Jumamosi ya Novemba, maji yakiwa yamepwa. Kwa wino mwekundu, Kadzo binti Charo. Shahidi wa pili ni mimi, Sidi, ambaye saa ile sikuwa kaburini.